Mara ya Tatu Hakuuliza

Shatan, 22 Septemba 1996

Dada Huijun,

Sasa hivi Douya amebandua karatasi niliyoibandika kwenye taa, akaenda kumbandika nayo bata wa mama mkwe mgongoni. Bata anazunguka uani na neno la Kiingereza la kufungua, mtoto yuko nyuma yake anapiga makofi, na mimi nimeketi mlangoni nacheka huku nataka kulia, maana karatasi ile niliiandika kwa uangalifu sana ili herufi zisipinde.

Nisamehe naanza na habari za bata wakati nina ombi. Naomba unifundishe Kiingereza kwa barua. Wewe ni mwalimu wa Kiingereza, ukoo mzima tunatembea kifua mbele kwa ajili yako. Mimi niliishia darasa la pili la sekondari, na hata hilo unajua nani alikuwa ananifanyia hesabu.

Jambo lenyewe ni hili. Mume wangu Guosheng yuko Dongguan kwenye kiwanda cha samani, huu mwaka wa pili, na anasema baada ya Sikukuu ya Mwaka Mpya wetu, mwezi wa pili, nimfuate, kuna nafasi ya kupaka viti rangi. Bweni lao halipokei watoto. Kwa hiyo Douya abaki na mama mkwe. Ana miaka miwili na nusu, Dada. Bado hapati usingizi mpaka anishike sikio. Lakini hapa Shatan wanamalizia kujenga nyumba ya wageni ya ghorofa tatu, Nyumba ya Mianzi, kwa ajili ya wazungu wanaokuja kutazama mto, na wanatafuta watu wawili wa mapokezi wanaojua Kiingereza. Usaili ni mwezi wa kumi na mbili. Nikipata kazi hiyo, sina sababu ya kwenda Dongguan. Nisipopata, naenda. Guosheng alikubali tulipoongea kwa simu ya posta, ingawa nilimsikia anacheka.

Nimeshaanza peke yangu. Nina kamusi ndogo na nimebandika maneno nyumba nzima. Vitu havina shida, meza ni meza. Vitendo ndivyo vinanitesa, havina mahali pa kubandikwa. Halafu sisi neno letu *kai* ni moja tu: mlango tuna-kai, taa tuna-kai, redio tuna-kai, basi tuna-kai, hata mkutano tuna-kai. Kwa hiyo lile la Kiingereza la kwenye kamusi nimeliandika mara nne, nikabandika mlangoni, kwenye taa na redioni, na moja nikampa jirani yetu anayeendesha basi la Guilin. Ni sawa?

Mama mkwe ananitazama tu, hasemi kitu. Nadhani anangoja niondoke abaki na mjukuu wake.

Mdogo wako,
Caiyun


Liuzhou, 1 Oktoba 1996

Mdogo wangu Caiyun,

Nimekubali. Kila wiki nitakutumia vitenzi kumi. Utaniandikia sentensi, nami nitazisahihisha kwa wino mwekundu. Usinishukuru, shukrani zinajaza karatasi.

Kwanza, bandua karatasi tatu. Neno la mlango si la taa, si la redio, na kwa dereva wa basi ndiyo kabisa halifai. Wenye lugha yao wana neno lake kwa kila moja. Hilo ni kosa letu Wachina wote, na wanafunzi wangu hamsini na wanane wanalifanya kila siku: tunachukua neno moja letu na neno moja lao, tunayafungisha ndoa, tunadhani yataishi pamoja mpaka uzee. Hayaishi. Usikariri kitenzi peke yake. Kikariri pamoja na kitu kinachokifuata.

Pili, vitenzi vyao vinabadilika kwa wakati. Sisi tunasema jana mimi kwenda, leo mimi kwenda, kesho mimi kwenda, na siku yenyewe ndiyo inayoeleza. Kwao hata ukishataja jana, kitenzi nacho lazima kiseme jana. Usiniulize kwa nini. Kila anayeniuliza kwa nini anaendelea kukosea.

Soma kwa sauti kila asubuhi. Kitabu ninachokutumia kikariri chote, kuanzia jalada.

Dada yako,
Huijun


Shatan, 27 Oktoba 1996

Dada Huijun,

Sentensi zangu zimerudi. Kwa wingi wa wekundu nilidhani Douya amemwagia daftari mchuzi wa pilipili. Nimezikariri zote, ila moja naomba tuzungumze, kwa sababu nimeigeuza kila upande na bado siielewi.

Niliandika hivi: mama mkwe aliua kuku mara mbili lakini kuku hakufa. Umeikata yote. Dada, ni kweli, nilikuwepo. Alimkata shingo, kuku akalala, tukageuka kuchukua beseni, kuku akainuka akakimbilia kwa jirani. Akarudishwa, akauawa tena, akakimbia tena. Alikuja kufa baadaye kabisa, kwenye maji ya moto. Ukimsimulia hivyo mtu yeyote hapa Shatan hashangai, anauliza tu kisu kilinolewa lini. Sasa kosa langu ni lipi? Au Kiingereza hakiamini?

Nakariri ninaposaga mchele wa tambi, Douya akiwa mgongoni. Naye ameshika. Juzi mteja alimpa karanga, akamjibu kwa Kiingereza kwamba treni ya kwenda London imechelewa. Ni somo la sita.

Wiki iliyopita mzungu mwenye ndevu za rangi ya mahindi alikula kwenye kibanda chetu cha tambi. Nilimuuliza kama anataka pilipili, akasema anataka. Yaani alielewa, Dada. Kwa furaha nikamwekea vijiko vinne. Alikula chote huku machozi yanamtoka, akasema ni tamu sana. Tangu siku hiyo wakija nawauliza kitu kimoja kipya kila mmoja, wanatoka wapi, wamelala wapi, wana watoto wangapi. Wengine wananijibu haraka mno nabaki kutabasamu.

Nina swali moja ambalo halimo kitabuni. Ukizungumza na mzungu unamtazama machoni au pembeni? Wewe umewazoea. Na kama utapata likizo kidogo, njoo Shatan siku tatu tu kabla ya usaili. Wewe uwe meneja, mimi niwe mimi.

Mdogo wako,
Caiyun


Liuzhou, 6 Novemba 1996

Mdogo wangu,

Kuku wako nimemfikiria zaidi ya anavyostahili.

Sisi tunatenganisha kufanya na kufika. Tunasema tumetafuta, halafu tunaongeza kamkia kadogo nyuma ya kitenzi kusema kwamba tumepata. Tunasema tumejifunza, na kujua kunakuja na mkia wake. Bila mkia, msikilizaji hawezi kujua kama jambo limefika mwisho, kwa hiyo tunaweza kuua na kuku akakimbia. Vitenzi vyao vingi vimemeza mkia. Ukisema kwa Kiingereza kwamba mama mkwe aliua, kuku amekufa na hafufuki. Ilikupasa useme alijaribu. Ndiyo sababu mwanafunzi wa Kichina anaweza kukariri kamusi nzima na bado asijue ndani ya kitenzi mmefungwa nini.

Kuja siwezi. Kuna mitihani, na mwalimu mkuu hatoi ruhusa. Vitenzi kumi vya wiki hii viko nyuma ya karatasi.

Dada yako,
Huijun


Shatan, 12 Desemba 1996

Dada Huijun,

Usaili ulikuwa juzi. Sijui kilichotokea. Naomba unisaidie kujua.

Nilivaa koti jekundu la harusi. Meneja anaitwa Bwana Ouyang, wazazi wake wametokea Guangdong lakini yeye amezaliwa Penang, huko Malaysia, na Kichina chake kinakwenda upande upande kama kaa. Tulikuwa tisa. Alijifanya mgeni ambaye maji ya moto yamemkatikia bafuni, akajifanya mgeni aliyesahau pasi ya kusafiria, akatoka nje akapiga simu na mimi nikapokea. Nilijibu vyote. Alipouliza nimejifunza wapi, nikasema kwenye kibanda cha tambi, akacheka, si kwa dharau. Akaniambia Kiingereza changu ni kizuri. Nikasema hapana, ni kibaya sana.

Halafu akaweka kalamu chini akasema kwa Kiingereza, polepole, kwamba angependa nifanye kazi pale. Nilisikia kila neno, Dada. Nikainamisha kichwa nikasema hapana, asante, mimi siwezi, tafuta mtu bora zaidi. Akanitazama. Akasema, "Una uhakika?" Nikasema nina uhakika, mimi sifai.

Basi nikangoja aulize mara ya tatu. Akasimama, akanipa mkono, akasema pole sana, akamwita anayefuata.

Nilifanya kama tulivyolelewa. Hata mayai tuliyoletewa Douya alipozaliwa, mama mkwe aliyakataa mara mbili mlangoni, jirani akayasukuma mara ya tatu, ndipo yakaingia. Mtu anayepokea mara ya kwanza ana tumbo gani? Kwa hiyo nilijua ameahirisha tu kwa sababu ya foleni. Nilikaa kwenye benchi la nje mpaka wote wanane wakaisha. Mama mkwe akaja na Douya na bakuli la wali. Nikamwambia bado nangoja kuitwa. Akasema, "Wanakuita kwa lugha gani, mbona mimi sisikii?"

Mwishowe mlinzi akafunga geti.

Nimekuandikia nyuma ya karatasi hii kila nilichosema siku ile, neno kwa neno, kama nilivyokikumbuka. Naomba utafute kitenzi nilichokosea. Lazima kipo. Labda nilisema jambo la jana kwa kitenzi cha leo akaona nadanganya. Nikikijua, nitakirekebisha, na pengine atanisikiliza tena. Nafasi bado hazijatangazwa.

Guosheng ameandika. Ameshaulizia tiketi.

Mdogo wako,
Caiyun


Liuzhou, 19 Desemba 1996

Mdogo wangu Caiyun,

Nimesoma majibu yako mara sita na kalamu mkononi. Nimekuta makosa manne. Ulipomsimulia meneja habari ya mume wa mgeni mmoja wa Uholanzi aliyekula kibandani, ulitumia kitenzi cha leo kwa jambo la mwaka jana. Ulisema umefungua simu, nalo ni lile kosa la kai, nilidhani tumelizika. Uliposema unawatazama wageni wakila, ulipaswa kutumia kitenzi cha kuona kitu kinachotokea mbele yako, si kile cha kukodoa macho. Na uliacha s moja mwishoni mwa kitenzi.

Nadhani ni hilo la simu. Mtu wa mapokezi asiyejua kitenzi cha simu ni kama mpishi asiyejua chumvi.

Kwa upande wa adabu hukukosea kitu. Ulikataa vizuri, bila kujivuna, angalau ameona umelelewa. Nimekutumia vitenzi thelathini vyote vya simu. Vikariri.

Usilie mbele ya mtoto.

Dada yako,
Huijun


Shatan, 5 Januari 1997

Dada Huijun,

Vitenzi vya simu nimevikariri, lakini sasa nimechanganyikiwa kuliko mwanzo.

Jana mzee Fu, mpishi wa Nyumba ya Mianzi, alikuja kununua tambi mbichi. Akanitazama akatingisha kichwa. Akamwambia mama mkwe, mimi nikiwa hapo hapo nasaga, "Mama Liang, huyu mkweo ana maringo. Meneja anasema yule wa koti jekundu ndiye alikuwa bora kuliko wote, ila hataki kazi." Mama mkwe akauliza, hataki vipi? Mzee Fu akasema, "Ameulizwa mara mbili, amekataa mara mbili. Meneja amemchukua binti mmoja wa Guilin. Nafasi ya pili anasema atakaa mwenyewe kuliko kuchukua kiziwi wa Kiingereza."

Niliacha jiwe likazunguka tupu.

Dada, mimi sitaki? Miezi mitatu nimesema na ukuta. Kila mtu anajua kukataa kule si kukataa. Hata Douya akipewa peremende na mgeni anaficha mikono nyuma kwanza. Inawezekanaje mtu mwenye macho ya Kichina na jina la Kichina aniulize mara mbili halafu aamini nilichosema? Au ni kwa sababu nilikataa kwa Kiingereza? Kwani kukataa kwao nako kumemeza mkia, ukisema hapana jambo limekwisha kama yule kuku? Lakini nilidhani hiyo ni habari ya vitenzi. Sikujua inaingia mpaka kwenye adabu.

Au pengine alikuwa anajua vizuri, na maneno ya mzee Fu ni njia yake ya kuniambia kwa upole kwamba sifai. Nimewaza hivyo jana nzima. Nikiwaza hivi naona sawa, nikiwaza vile naona sawa.

Kwenda kumwambia nataka, siwezi. Nimeshakataa mbele ya mashahidi. Nirudi niombe nilichokikataa, Shatan yote itasema mke wa Guosheng ana njaa. Mama mkwe tangu jana hajasema neno na mimi. Anaosha majani ya vitunguu kwa hasira.

Guosheng anafika tarehe nne mwezi ujao. Tiketi za kurudi amekata mbili.

Niambie nifanye nini. Wewe ndiye unayewajua hawa watu.

Mdogo wako,
Caiyun


Liuzhou, 12 Januari 1997

Mdogo wangu Caiyun,

Mimi siwajui hawa watu.

Nimeandika sentensi hiyo nikaitazama muda mrefu. Nimefundisha Kiingereza miaka saba na sijawahi kuzungumza na mtu ambaye Kiingereza ni lugha yake. Hata mmoja. Hapa tuna jina la hali hiyo, tunaiita Kiingereza bubu: macho yanasoma, mkono unaandika, mdomo umekufa. Mwaka juzi alikuja mwalimu wa Kanada kutembelea shule, mwalimu mkuu akaniomba nimtembeze. Nilikataa mara tatu, na mara zote tatu nilimaanisha. Nikamwambia nina homa. Nilikaa nyumbani nikasahihisha madaftari. Uliponiomba nije Shatan nikakuambia kuna mitihani. Haikuwepo. Niliogopa ungenikuta nimekaa kwenye kile kibanda chenu, mzungu ananiuliza kitu, na wewe ndiye unanitafsiria.

Barua yako ya usaili niliisoma mara sita, Caiyun. Mtu alikuambia anakutaka, ukasema hapana, na mimi sikuiona. Nilipita juu yake nikaenda kuokota s. Nilikusifu kwa kitu kilekile kilichokukosesha. Kama kuna mwanafunzi wa kuchorwa wekundu hapa, si wewe.

Sijui kama yule meneja alikuelewa au hakukuelewa. Kwa barua hatuwezi kujua, hata tukiandikiana mpaka ufike Dongguan. Nenda ukamwambie unataka. Kitenzi chenyewe unacho, ndicho ulichomuulizia mzungu habari ya pilipili. Kitumie kwa nafsi yako safari hii. Shatan ikisema una njaa, iache iseme. Wao hawabebi mtoto wako mgongoni.

Nenda kabla ya Guosheng kufika.

Huijun


Shatan, 6 Februari 1997

Dada Huijun,

Nisamehe kwa kukaa kimya. Nilitaka kuandika nikiwa na uhakika, na uhakika wenyewe umekuja vipande vipande.

Barua yako niliisoma mara moja nikaikunja. Kuhusu Kiingereza bubu sitakujibu sasa, nitakujibu ukija, na safari hii utakuja. Nakuambia hili tu: vitenzi vyote ninavyovisema mdomoni vimetoka mkononi mwako.

Nilikwenda tarehe kumi na tisa mwezi uliopita. Nilitaka niende peke yangu, lakini mama mkwe aliniona navaa koti jekundu, akafunga kibanda, akambeba Douya, akanifuata bila kuuliza. Nilidhani anakuja kuniaibisha.

Bwana Ouyang alikuwa anahesabu mashuka. Nikasimama mbele yake nikasema kwa Kiingereza kwamba nataka kufanya kazi hapa, kwamba siku ile pia nilitaka. Nilimtazama machoni, kwa sababu hukuniambia pa kutazama. Akashangaa. Akasema lakini ulikataa. Nikamwambia kwetu tunakataa kwanza. Akasema mama yake naye alikuwa hivyo, na kwamba alipokuwa mdogo alidhani mama yake hapendi kitu chochote duniani. Halafu akasema nafasi ya pili bado ipo. Akaniuliza, naweza kuanza keshokutwa?

Na mimi, Dada, naapa sikukusudia. Mdomo ulifunguka wenyewe. Nikasikia sauti yangu inasema samahani, naogopa sitoshi, labda kuna mtu bora.

Bwana Ouyang akashusha mabega. Mama mkwe hajui hata neno moja la Kiingereza, lakini aliona nilivyoinamisha kichwa. Akanipiga kofi la mgongo mpaka nikapiga hatua mbele. Akamwambia kwa lahaja yetu ya Shatan, kwa sauti ya kuuzia tambi, "Bwana meneja, huyu ukimsikia anakataa ujue anakubali. Anataka. Mimi ndiye ninayesema, andika hapo."

Bwana Ouyang akasema kwa heshima kwamba alisikia watu wakisema mama angependa kubaki na mjukuu.

"Nani alisema?" mama mkwe akauliza. "Nina miaka sitini na miwili, magoti haya yanamkimbiza bata tu, tena bata mlemavu. Wameamua wenyewe kuniachia mtoto kama mzigo wa stesheni. Kuna aliyeniuliza?"

Na ni kweli, Dada. Hakuna aliyemuuliza. Miezi yote ile nilikuwa nausoma ukimya wake na nikaamini nimeuelewa.

Bwana Ouyang akacheka, akasema tutaonana keshokutwa. Hakuandika kitu. Nikarudi nyumbani sijui kama nimepata kazi au nimeonana na mtu. Keshokutwa yake nilikwenda, nikapewa funguo. Siku ya tatu nikapewa koti la kazi. Hadi leo hajaniambia kwa mdomo wake kwamba nimeajiriwa. Yule binti wa Guilin anasema nikishapewa koti ndiyo nimeajiriwa. Anajua vitenzi vingi kunishinda, ila wageni wanamwogopa.

Guosheng alifika juzi. Nilikuwa sijamwandikia. Nilifikiri nimwambie uso kwa uso, halafu nikamwona anashuka kwenye basi na begi na boksi la viatu vya mtoto, nikashindwa. Amekonda. Nikampa Douya amshike. Douya akamtazama vizuri, akatazama na boksi, akajificha nyuma ya mguu wangu akasema, "Asante, mjomba."

Viatu navyo ni vidogo, alinunua kwa kipimo cha mwaka jana.

Guosheng alicheka. Halafu akaenda nyuma ya nyumba kuosha uso, na maji yalimiminika muda mrefu kuliko uso unavyohitaji. Mama mkwe akaniambia nisimfuate. Jana nzima Guosheng alimbeba Douya mabegani sokoni, akamnunulia kila kitu alichokinyooshea kidole, na Douya bado akamwita mjomba, kwa heshima kabisa.

Leo asubuhi alinisindikiza mpaka hapa kazini. Akasimama nje ya mlango, akatazama hii meza yangu, simu, daftari la wageni. Alikuwa amezishika zile tiketi mbili. Moja akairudisha mfukoni mwa shati. Nyingine akawa anaikunja, anaikunjua. Akasema, "Mmoja akiitwa mjomba inatosha."

Sikujua kama ananilaumu au ananiruhusu. Nilimtazama usoni, na uso wake ulisema yote mawili. Akaona sijaelewa, akaniuliza moja kwa moja, bila kuzunguka, kama nataka kubaki. Na mimi, Dada, nilimjibu palepale, mara ya kwanza, hata hajamaliza, nikamwambia nataka, naye

subiri kidogo, Dada, Bwana Ouyang ananiita, basi la Guilin limefika na wageni saba wamesimama mlangoni na mizigo, anasema Caiyun njoo huku uwaambie